Majina ya Kahawa: Kiswahili Kimeachiwa Makapi

Buxton ni mji wa Derbyshire, Uingereza, wenye chemchemi mashuhuri, na maji yake hutiwa chupani yakauzwa kwa jina hilohilo. Hapa Mombasa Buxton ni shule, ni mtaa ulio upande wa njia iendayo daraja la Nyali, na tangu nyumba za zamani za kaunti zilipoanza kubomolewa mwaka 2021, ni maghorofa mapya yaitwayo Buxton Point. Mzaliwa wa hapa hulitamka jina hili kwa ulimi wake mwenyewe, akapanda matatu, akafika kwao. Majina ndivyo yalivyo: yakishazoeleka, hakuna ayaulizaye yalikotoka.

Hebu, mpenzi msomaji, ingia katika duka lolote la mtaa huo uitazame rafu ya kahawa. Utaikuta Nescafé, utaikuta Dormans, na yamkini utaiona Africafe iliyotoka Bukoba. Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba nomino ni neno linalotaja mtu, kitu, mahali au hali. Fasili hiyo inatosha kwa mtihani, ila mbele ya rafu hii inapwaya, maana aghalabu majina haya hayaitaji kahawa iliyomo ndani. Moja ni la ukoo, jingine la kisiwa, jingine la mlima, na lipo hata la mhusika wa riwaya. Nakusudia kuyafuatilia machache, kwa sababu nyuma yake kuna jambo linalotugusa sisi tunaosomesha na kusoma Kiswahili.

Tuanze na lile linalojulikana zaidi. Nescafé ilitolewa sokoni nchini Uswisi mwaka 1938, baada ya Brazili kulemewa na kahawa isiyo na mnunuzi na kuiomba kampuni ya Nestlé itafute njia ya kuihifadhi. Jina lenyewe ni vipande viwili vilivyounganishwa: Nes, kutoka Nestlé, na café, kwa Kifaransa. Lakini Nestlé nalo ni nini? Ni jina la ukoo. Heinrich Nestle alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1814, kisha akahamia mji wa Vevey, Uswisi, akalifanyia jina lake marekebisho ya kuliwezesha kutamkwa Kifaransa: Henri Nestlé. Katika lahaja ya Waswabia wa kusini mwa Ujerumani, -le ni kiambishi cha udogo, kama vile ki- na kiji- katika lugha yetu, na nestle ni kijiota cha ndege. Ndiyo maana hadi leo nembo ya kampuni hiyo ni kiota chenye ndege na makinda yake. Mwenye kuagiza Nescafé, kwa tafsiri ya neno kwa neno, ameagiza kahawa ya kijiota.

Dormans haina kitendawili kikubwa. Ni ukoo wa Charles Dorman, aliyeianzisha biashara yake Nairobi mwaka 1950. Africafe nayo hutengenezwa Bukoba na kiwanda cha TANICA, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, na jina la kiwanda chenyewe ni mkato wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kahawa ya Tanganyika ya kuyeyuka. Linalonishangaza ni hili. Bukoba ni kwa Wahaya, watu walioijua kahawa tangu zamani. Wakiichemsha mbichi pamoja na viungo, wakaikausha na kuitafuna, na punje mbili za tunda moja ziligawanywa baina ya watu wawili waliochanjiana udugu wa damu. Waganda, ambao nao walikuwa na desturi hiyo, huiita emmwanyi, na Wahaya wana neno la shina hilohilo. Kopo likapewa Afri, likaongezewa café. La wenyeji halikupata nafasi.

Kuna jina jingine ambalo halimo katika rafu za Buxton, ila wenzetu wanaoishi Uingereza hukutana nalo kila wiki: Kenco. Waingereza wengi huinywa kahawa hiyo bila kujua kwamba silabi yake ya kwanza ni nchi yetu. Mwaka 1923 walowezi waliolima kahawa Kenya walianzisha London kampuni ya kuuzia mazao yao, wakaiita Kenya Coffee Company, na mwaka 1962 jina hilo likafupishwa kuwa Kenco. Leo kahawa iliyomo ndani hutoka nchi mbalimbali, jina limebaki.

Nalo neno Kenya lilipitia hapa hapa kwetu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaweka makao Rabai, na mwaka 1849 alipokuwa Ukambani aliuona mlima wenye theluji, akaliandika jina lake kwa jinsi sikio lake lilivyolipokea kutoka kwa Wakamba. Wakikuyu husema Kirinyaga. Wakamba, ambao huzidondosha r na g hizo, husema Kiinyaa. Maelezo yanayotolewa mara nyingi, ingawa wapo wanaoyapinga, ni kwamba nyaga ni ndege mbuni, na kwamba mlima ule, kwa mawe yake meusi na theluji yake nyeupe, uliwakumbusha watu manyoya ya mbuni dume. Krapf huyo huyo ndiye aliyetunga kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa London mwaka 1882, iliyojengwa juu ya lahaja ya Kimvita. Naye pia alikuwa Mswabia, kwa hiyo neno nestle asingehitaji kutafsiriwa. Ninamwomba msomaji amweke ndege huyu akilini, maana tutakutana tena na jina lake kwa maana nyingine.

Zipo pia kahawa zilizobeba majina ya bandari. Mocha ni Mukha, mji wa pwani ya Yemeni. Hapo kwenyewe pana mchanga na joto, na kahawa ililimwa mbali, milimani. Lakini kwa muda mrefu ndipo meli zilipoipakilia, na mnunuzi wa ng'ambo akaiita kwa jina la gati. Leo mocha katika mikahawa ni kahawa iliyochanganywa na chokoleti, na wanaoiagiza hawana habari na Yemeni. Brazili nayo ina kahawa ya Santos, na Santos ni bandari. Mombasa je? Kahawa ya Kenya na ya Uganda imepitia hapa kwa zaidi ya miaka mia moja, lakini jina la mji wetu halikushikamana nayo. Mnada wake uko Nairobi. Sisi tulipewa mnada wa chai.

Java ni kisiwa cha Indonesia ambako Waholanzi walianza kupanda kahawa mwishoni mwa karne ya 17. Wamarekani wakalifanya jina la kisiwa kuwa neno la mtaani la kahawa yoyote, itokako kokote. Kwa njia hiyo, mkahawa uliofunguliwa na Wamarekani jijini Nairobi mwaka 1999, katika nchi yenye kahawa inayosifiwa duniani kote, ukaitwa Java House. Mtu akilichambua jina hilo ataona kwamba java ni kahawa, na house ni nyumba au mahali. Kiswahili kina neno moja lisemalo hayo yote: mkahawa.

Starbucks sitakawia nayo. Ilianza Seattle mwaka 1971, na jina lake ni la nahodha msaidizi katika Moby-Dick, riwaya ya Herman Melville iliyotoka mwaka 1851. Mhusika huyo anawinda nyangumi. Hauzi kahawa. Waanzilishi wamesimulia kwamba mshauri wao wa matangazo aliamini kuwa maneno yanayoanza na sauti st yana nguvu masikioni. Nguvu hiyo ni ya masikio ya Kiingereza. Kwetu st imo katika stima na stesheni, na sijamsikia mtu akisema kuwa maneno hayo yanatia hamu ya kunywa chochote.

Nayapenda zaidi majina ya miti. Mwaka 1893 wamisionari wa Kifaransa walipanda kahawa Bura, katika milima ya Taita, si mbali sana na hapa. Mbegu hiyo ilikuwa ya jamii iitwayo Bourbon, kutokana na kisiwa cha Bourbon katika Bahari ya Hindi, nacho kisiwa kilikuwa kimepewa jina la ukoo wa wafalme wa Ufaransa. Mapinduzi yakawaondoa wafalme, kisiwa kikabadilishwa jina, kikarudishiwa lile la kwanza, na mwishowe mwaka 1848 kikawa Réunion moja kwa moja. Mti haukuarifiwa. Ukoo uliopoteza kiti cha enzi ungali unachumwa milimani kwetu, na aina iliyotokana na mashamba ya wamisionari wale huitwa na wataalamu French Mission, yaani misheni ya Wafaransa. Jina la Bura limeachwa njiani.

Kwa upande mwingine, mwaka 2010 watafiti wa kahawa wa Kenya walitoa aina mpya inayostahimili magonjwa, wakaiita Batian, kwa jina la kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya. Kilele hicho nacho kilipewa jina hilo na Mwingereza Halford Mackinder mwaka 1899, kumkumbuka Mbatian, laiboni mkuu wa Wamaasai. M ya mwanzo ilianguka njiani, kwani ulimi wa Kiingereza huchoka mapema unapoanza neno kwa mb. Hata hivyo, laiboni wa Kimaasai, ambaye watu wake waliishi kwa maziwa na nyama, leo ni mti wa kahawa katika mashamba ya Nyeri na Kirinyaga. Aina iliyotangulia, ya mwaka 1985, iliitwa kwa jina la mji na nambari: Ruiru 11.

Sasa tuje kwenye neno letu wenyewe. Kahawa ni Kiarabu, qahwa, neno ambalo zamani lilitumika kwa mvinyo kabla ya kuhamia kwenye kinywaji hiki. Waturuki wakasema kahve, Waitalia caffè, na kutoka huko zikatokea café na coffee. Kiswahili kilichofanya ni kuingiza irabu kati ya h na w ili kila silabi iishe wazi, kama ilivyo desturi yake. Wapo wanaodai kwamba asili ni Kaffa, jimbo la Ethiopia, lakini wengi wa wanaisimu hawalikubali dai hilo, na Waethiopia wenyewe hawaiiti kahawa kwa jina la jimbo. Huiita buna. Waarabu wakasema bunn kwa punje zake, nasi tukapata buni, yaani punje ya kahawa isiyokaangwa. Mti wake ni mbuni. Huu si mbuni ndege, wala si mbuni mwenye kubuni mambo. Ni maneno matatu yaliyokutana katika umbo moja, na mwalimu wa homonimu hawezi kupata mfano mzuri kuliko huu.

Kwa hiyo buni ni neno lenye nasaba kongwe kuliko coffee, kuliko mocha, kuliko java. Limetoka katika ardhi ambako mti wenyewe ulizaliwa. Mwanabotania Linnaeus alipouita mti huo arabica mwaka 1753 alidhani kwao ni Arabuni, lakini neno letu lilikuwa likiijua njia siku zote. Tungetarajia basi kwamba lingekaa mahali pa heshima katika biashara ya kahawa ya Kenya. Tutazame orodha ya madaraja ya mnadani.

Juu iko AA, ambayo ng'ambo huandikwa kwenye pakiti kama jina tukufu. Si jina, ni kipimo: ni punje zinazobaki juu ya chekeche lenye matundu ya zaidi kidogo ya milimita 7. Ipo E, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la ndovu, kwa punje kubwa mno. Ipo AB, ipo C, ipo PB kwa tunda lililozaa punje moja ya mviringo badala ya mbili bapa. Teremka mpaka chini kabisa utakuta MH na ML. H na L ni herufi za maneno ya Kiingereza yenye maana ya nzito na nyepesi. M ni mbuni. Katika orodha nzima hilo ndilo neno pekee la Kiswahili, na maana yake ni matunda yaliyopitwa na wakati wake, yasiyomenywa wala kuoshwa, yaliyokaushwa na ganda lake na kuuzwa kwa bei ya chini kuliko yote. Mkulima hupeleka matunda mekundu kiwandani na kuyapimisha kwa mkono mmoja, mbuni kwa mkono mwingine, naye anajua ni upande upi usiomlipia karo.

Asidhani mtu kwamba hilo ni jambo la bahati la Kenya tu. Nchini Uganda matunda ya robusta yaliyokaushwa na ganda, jinsi yatokavyo kwa mkulima, huitwa kiboko. Hilo nalo ni letu, na wengi husimulia kwamba ni kiboko cha kuchapia, kutokana na shuruti ya enzi za ukoloni. Ganda likishatolewa kinuni, jina nalo hubadilika. Kahawa huitwa FAQ, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya ubora wa wastani. Basi katika nchi zote mbili kahawa huwa na jina la Kiswahili maadamu imevaa ganda. Ikivuliwa, ikapanda thamani, inapanda pia lugha.

Ushahidi unaonikera zaidi ni wa miaka ya karibuni. Kukausha tunda zima juani si ila kwa asili yake. Ethiopia na Brazili hufanya hivyo kwa uangalifu, na kahawa yao hupata wanunuzi wazuri. Wapo sasa wafanyabiashara wa Kenya waliojifunza njia hiyo, wakachagua matunda mabivu, wakayakausha juu ya vitanda, wakapata bei ya kutamanika. Je, wameiita mbuni? La hasha. Huandika natural, neno la Kiingereza la kitu cha asili. Kitu ni kilekile, tofauti ni uangalifu, lakini neno mbuni limeonekana kuwa na harufu ya umaskini.

Huenda msomaji akaniuliza, jina lina uzito gani mbele ya bei? Waethiopia wamekwisha kulijibu swali hilo. Mwaka 2005 serikali yao iliomba majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe yasajiliwe Marekani kama alama za biashara zake. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa huko kilipinga, kikisema kwamba hayo ni majina ya kawaida tu ya aina za kahawa, hayawezi kuwa mali ya yeyote. Starbucks yenyewe ilikuwa imewahi kuomba kusajili jina lenye neno Sidamo ndani yake. Baada ya mvutano wa muda, mwaka 2007 kampuni hiyo ilitia saini makubaliano na Ethiopia ya kuyatambua majina yale. Nchi nzima haisimami kupigania sauti tupu. Walijua kwamba mwenye jina ndiye mwenye sehemu ya bei inayobaki baada ya gunia kuondoka bandarini.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina mvuto wa kibiashara, kwamba mnywaji wa leo hushawishiwa na maneno ya kigeni. Watu hao naomba watoke Buxton, waingie Mji wa Kale wakati wa jioni. Muuza kahawa atakuwepo na dele lake la shaba juu ya makaa, akigonganisha vikombe vyake ili wapita njia wajue amefika. Hana kopo wala nembo. Anachouza kinaitwa kahawa tungu, ambayo kwa Kiunguja ingekuwa kahawa chungu, maana pale Kiunguja kinaposema ch, Kimvita mara nyingi husema t. Wengine huandika thungu, ili msomaji asiikose t ile ya meno. Jina hili halifichi kitu. Linasema kinywaji kilivyo kinywani, linasema na lahaja ya aliyekipika, na wateja hawajapungua kwa kuambiwa ukweli kwamba ni chungu. Jina jema hung'ara gizani, wasema wahenga, na hili limeng'ara kiasi cha kuchukuliwa na tovuti ya habari isiyouza hata kikombe kimoja.

Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi ya Kenya kwa Katiba ya mwaka 2010, mwaka uleule aliopandishwa shambani laiboni Mbatian. Siombi orodha yote ya mnada itafsiriwe, wala sitaki AA iitwe kitu kingine, kwa kuwa wanunuzi wameizoea. Ninachowaomba wanaotunga kanuni na wanaopakia magunia ni kidogo: kahawa iliyokaushwa na tunda lake, ikiwa imechumwa mbivu na kutunzwa vizuri, iandikwe mbuni kwenye gunia, na bei yake ya juu itajwe pamoja na jina hilo hapo mnadani Nairobi.